Omba, Nguvu, Farasi

Ofisi iko juu ya duka la vipuri, mtaa wa Mawenzi, Moshi mjini.
Ngazi zinanuka grisi na maandazi.
Bosi Felichesmi amenipa kurasa sita na wiki moja:
"Wazungu wamepungua. Nataka Wachina wanione."
Anasema *wanione* kama mtu aliyesimama gizani
akiipungia mkono barabara ya mbali.

Kwanza alijaribu mashine.
Mashine iliwaahidi wageni kulala ndani ya pombe ya ndizi,
na yeye miezi miwili hakujua,
akishangaa mbona simu haiiti.
Ndipo akamkumbuka binti wa Ndesario,
yule aliyekwenda Dodoma kusoma Kichina
akarudi na cheti, miwani na deni la bodi.

Naanza na mlima, maana hapa yote huanzia mlimani.
Wao wanauita *Chilimajaluo*,
alama tano zilizookotwa kwa sauti, si kwa maana.
Lakini mimi siwezi kupita mlango bila kuchungulia:
omba, nguvu, farasi, funga, wavu.
Wavu sijui wa nini. Farasi huku sijamwona.
Ila hizo mbili za kwanza, omba nguvu,
aliyeziokota hakujua alichookota.

Bei: dola elfu moja mia nne arobaini na nne.
Nikamwambia bosi, toa hizo nne.
Nne kwao ni *si*, na kufa ni *si*,
zinatofautiana kwa sauti kupanda na kushuka tu.
Akacheka. "Na kwetu *si* ni kukataa.
Nane je, ina nini?"
Nane ina heri.
"Basi ziweke zote nane."
Hivyo ndivyo safari ilivyopanda bei, kwa ajili ya lugha.

*Polepole* ilininyima usingizi.
Asubuhi nikaikuta imekaa mezani, inanisubiri: *manman*,
neno linalojirudia vilevile, mguu na mwenzake.
Tena huko mgeni akiaga, mwenye nyumba humtoa hadi mlangoni
akamwambia, nenda polepole.
*Pole na kazi* nayo ina ndugu: *shinku*, umetaabika.
Lakini *pole* tupu,
ile ya mtu kujikwaa mbele yako
na wewe ukaliombea radhi jiwe ambalo hukuliweka,
hiyo sikuipata.
Nimeiachia nafasi.

Ukurasa wa tano ni wa wapagazi.
Bosi ameandika: *Wapagazi wetu ni wachangamfu na wenye nguvu.*
Mstari mmoja, picha moja, meno mengi.
Kichina kinamwita mpagazi *beifu*.
*Bei* ni mgongo. *Fu* ni mwanamume.
Mtu wa mgongo.

Nikaondoa vidole kwenye vibonye.

Baba yuko Uru, analala juu ya ubao
tangu ule mwaka wa kambi ya Barafu,
mtungi wa gesi, jiko, na viti vya kukunja
vya watu waliotaka kula wamekaa.
Akiinuka hushika kwanza ukuta,
kisha kitanda, kisha jina la Mungu.
Miaka ishirini na mmoja mlimani,
na hakuna aliyewahi kumwita sawasawa hivyo.

Nikaongeza sentensi mbili.
Bosi hawezi kuzisoma, na sikumsomea:
*Mzigo usizidi kilo ishirini.
Muulize jina lake.*

Jumapili nikapanda Uru na mkate na dawa ya kuchua.
Baba akauliza, huko Uchina mlima wetu umeuandikaje?
Nikamwambia: unaanza na omba nguvu.
Alikaa kimya kitambo, nikadhani amesinzia.
"Basi hao," akasema, "walishawahi kuupanda."

Nikamtajia na zilizobaki.
Akageuka kwa taabu, upande wa dirisha.
Mlima ulikuwa umejifunika.
"Na huyo farasi," akauliza,
"walimwonea wapi?"